Kisima cha Jamaa ya Muir

Husifiwa sana wahamiaji waliofungua mapori ya Marekani. Ila ni wachache waulizao nguvu zile zilikuwa za nani. Natutazame jamaa moja, ya Daniel Muir, mfanya biashara wa nafaka wa mji wa Dunbar, Uskoti.

Mwezi wa Februari 1849 alisafiri kwa meli pamoja na watoto watatu: Sarah, John na David. Alikusudia kwenda Kanada, lakini melini aliambiwa ya kuwa misitu ya huko ni minene, na kuifyeka ni taabu. Basi akageukia Wisconsin, nchi waliyokaa Wamenominee na Waho-Chunk tangu zamani. Nyumba ilipokwisha kujengwa, mama akafika na watoto waliosalia. John, mwenye umri wa miaka 11, akafanywa mkulima. Walipanda ngano mfululizo, hata udongo ukachoka.

Baada ya miaka minane baba alinunua pori jingine, liitwalo Hickory Hill. Huko hapakuwa na maji, ikawa lazima kuchimba kisima. Futi 10 za kwanza zilikuwa rahisi. Chini yake ulikuwa mwamba. Walijaribu baruti, isifae. Ndipo John akatiwa shimoni, upana wake futi 3, achonge kwa nyundo na patasi toka asubuhi hata jioni, siku baada ya siku. Baba hakushuka kuchimba.

Walipofika karibu futi 80, hewa ya ukaa, iliyo nzito na isiyo na harufu, ilikuwa imejikusanya chini usiku. Asubuhi John aliposhushwa alilegea, akakaribia kuzimia. Baba akamwita kwa sauti kuu aingie ndooni, akamvuta juu hali akitweta.

Jirani yao, William Duncan, aliyepata kufanya kazi migodini, alipopata habari alikuja akawafundisha kumwaga maji shimoni, na kuteremsha na kupandisha furushi la matawi kwa kamba, ili hewa ibadilike. Siku chache baadaye John akarudi chini. Maji yakapatikana kwa futi 90.

Twaona ya kuwa Daniel Muir hakukosa bidii wala uchaji. Alikosa maarifa, nayo yalikuwa kwa jirani. Laiti angaliuliza kabla ya kumshusha mwanawe! Kisima kile kiliwapa maji watu wote wa nyumba ile, lakini aliyekilipia ni kijana mmoja. Nasi tuhesabupo mali ya mashamba yetu, tuihesabu na mikono midogo iliyoyalima.