Kivumbasi cha Bibi na Bunduki za Stanley

Leo siasa kando. Nataka niongelee jani.

Ukitafuta habari za Bumbire, utakutana na Henry Morton Stanley kabla hujakutana na Mhaya yeyote. Aprili 28, 1875 alifika na boti yake kutafuta chakula, watu wa kisiwa wakamnyang'anya makasia, akaponea chupuchupu. Agosti 4 mwaka huo huo akarudi kulipa kisasi. Hata nchi kavu hakukanyaga, alipiga risasi kutoka majini. Kwa hesabu yake mwenyewe waliuawa zaidi ya watu 30. Hata kwao Uingereza wapo waliomlaani.

Basi na mimi, mwandishi kijana mwenye kiherehere, nikaenda na kinasa sauti kumhoji bibi yangu kuhusu vita hiyo. Bibi akajibu kidogo, kisha akanivuta nyuma ya nyumba, pale kibanja kinapoanza, migomba na mibuni. Akachuma kivumbasi, akakifikicha, akaninusisha. Akaanza kueleza: hiki cha mafua, hiki cha tumbo, hiki unafukizia mbu, na aliyemwonyesha ni nani. Mimi nikazima mashine. Nilikuwa natunza betri kwa ajili ya Stanley!

Bibi ameshafariki.

Mmea wenyewe ni wa asili huku kwetu Afrika, na Asia pia. Waganda ng'ambo ya ziwa huuita mujaja. Linnaeus aliuandika kitabuni kama Ocimum gratissimum mwaka 1753, miaka 122 kabla ya Stanley kukiona kisiwa. Harufu yake kali mara nyingi inatokana na eujenoli, ile ile ya karafuu.

Nilirudi Dar na mbegu ndani ya kipande cha gazeti. Za kwanza nilizifukia kama maharage, haikuota hata moja. Ni ndogo mno: unazinyunyiza juu ya udongo, unaloanisha, unaziachia mwanga. Ukishika, unakata matawi na unachipua tena mwaka hadi mwaka, shina likikomaa kama mti. Siyo kama nduguye mrehani, ambao msimu ukiisha nao kwisha.

Sasa umejaa ndoo mbovu hapa mlangoni. Jirani huja jioni kuomba majani ya kufukuza mbu. Juzi kaniuliza ya tumbo huchemshwa mabichi au makavu. Nikabaki namtazama.