Mgeni na Mwenyeji katika Muziki wa Okestra wa Marekani

Waandishi wa historia ya muziki wa okestra nchini Marekani aghalabu husimulia kwamba ulikuwa mali ya wageni, kisha ukageuka pole pole kuwa mali ya wenyeji. Usimulizi huo una ukweli wake. Hata hivyo maneno hayo mawili, mgeni na mwenyeji, hayana budi kupimwa kwanza. Kwani katika historia hiyo mtu aliyeshuka melini juzi aliweza kuhesabiwa mwenyeji wa muziki huo, na yule ambaye babu zake walizikwa katika ardhi ya Marekani akahesabiwa mgeni.

Kwamba Wajerumani ndio waliojenga msingi ni jambo lisilo na ubishi. Mwaka 1848, Ulaya ilipokuwa katika machafuko ya mapinduzi, vijana wapatao 25 kutoka Berlin walifika New York wakiwa kundi lililojiita Germania, wakazunguka miji ya nchi hiyo wakipiga muziki hadi walipotawanyika mwaka 1854. Theodore Thomas, aliyezaliwa Esens mwaka 1835 na kuletwa Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyeizoeza nchi hiyo kusikiliza simfonia. Na mwaka 1891 akaanzisha okestra ya Chicago. Katika okestra nyingi za siku hizo lugha ya mazoezi ilikuwa Kijerumani. Mpigaji asiyeijua lugha hiyo alikuwa na kazi ya kukisia alichoambiwa.

Mtu wa kwanza mwenye sifa kubwa kuitia shaka hali hii alikuwa mgeni mwenyewe. Antonín Dvořák, Mcheki aliyeongoza chuo cha muziki cha Jeannette Thurber mjini New York kuanzia 1892 hadi 1895, alitangaza mwaka 1893 kwamba muziki wa Marekani ungepaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu Weusi. Nyimbo hizo alikuwa amezisikia kwa Harry T. Burleigh, mwanafunzi Mweusi wa chuoni humo ambaye babu yake alikuwa mtumwa. Wasomi kadhaa wa Boston walilipinga wazo hilo.

Vita Vikuu vya Kwanza vikayageuza mambo ghafla. Karl Muck, kiongozi wa okestra ya Boston, alikamatwa Machi 1918, akafungwa kambini Fort Oglethorpe, na mwaka 1919 akafukuzwa nchini. Mjini Chicago, Frederick Stock, aliyekuwa ameshika nafasi ya Thomas tangu 1905, alilazimika kukaa kando kwa kuwa hakuwa amekamilisha uraia wake. Aliporejea mwaka 1919 alianzisha okestra ya kuwafundisha vijana wa Marekani, ili wapigaji wasiendelee kuagizwa kutoka ng'ambo kama shehena ya nguo.

Huyu Stock, aliyekwisha kuionja ladha ya kuitwa mgeni, ndiye aliyeongoza simfonia ya Florence Price tarehe 15 Juni 1933. Price, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, aliyehitimu katika chuo cha muziki cha New England mwaka 1906, alikuwa amehamia Chicago mwaka 1927, na simfonia hiyo ilikuwa imempatia tuzo ya kwanza ya Wanamaker mwaka 1932. Hakuna mwanamke Mweusi kabla yake ambaye kazi yake ilikuwa imepigwa na okestra kubwa ya nchi hiyo. Sehemu ya tatu ameiita juba, jina la ngoma ambayo watumwa waliicheza kwa kupiga makofi, mapaja na vifua, mwili ukishika nafasi ya ngoma walizonyimwa. (Msomaji wa Kiswahili asilichanganye jina hilo na vazi.) Yaani ngoma ya shambani ikaketi mahali ambapo desturi ya Wajerumani iliiweka skerzo, nayo ikatosha kabisa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Chicago mgeni alikwisha kuja na kupata nafasi. Uponyaji wa mwenyeji ndio uliochelewa. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, Mrusi aliyeongoza okestra ya Boston, akataja waziwazi vikwazo vyake viwili, jinsia yake na damu ya Kiafrika mwilini mwake, na kuomba kazi zake zipimwe kwa ubora wake tu. Koussevitzky alikuwa mlezi mashuhuri wa watungaji wa Marekani, lakini okestra yake haikupiga simfonia yoyote ya Price.

Price alifariki mwaka 1953. Mwaka 2009, katika nyumba iliyoachwa ukiwa huko St. Anne, Illinois, ambako alikuwa akienda kupumzika majira ya joto, waliokuwa wakiikarabati walikuta marundo ya karatasi zenye jina lake, zikiwamo konserto mbili za fidla na simfonia yake ya nne, ambayo hakuwahi kuisikia ikipigwa.