Mkono Unaosaidia Nao Uulizwe

Leo tunazungumza juu ya watu wanaosaidia wengine: waganga, wagawaji wa chakula, walinzi wa amani, na zaidi wale mama na baba washauri wanaowasikiliza watu walioumizwa na vita.

Wazee walisema: mkono mtupu haulambwi. Maana yake, mkono wenye kitu hulambwa. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mtu mwenye njaa hawezi kugombana na mwenye kushika kijiko. Basi nani atamwuliza mwenye kijiko? Wengi husema: anayesaidia ana moyo mwema, tusimsumbue. Lakini historia ya Kivu na Ituri inaonyesha kwamba moyo mwema peke yake haukutosha. Tumelipia somo hili mara tatu.

Mara ya kwanza ni Goma, mwaka wa 1994. Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire. Katika mwezi wa saba, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kule Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache tu. Walikaa Kibumba, Katale, Mugunga, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo jembe haliingii, wala kwa choo wala kwa kaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapata 50,000 katika mwezi wa kwanza. Mashirika yalikuja mbio, na maisha mengi yaliokolewa. Hilo tusilisahau.

Lakini ndani ya makambi walikuwamo pia waliopanga mauaji, pamoja na askari na wanamgambo wao. Hao ndio walioshika hesabu ya watu. Walitaja vichwa vingi kuliko vilivyokuwapo, chakula kikapita mikononi mwao, na mkimbizi aliyetaka kurudi kwao alitishwa, hata kuuawa. Wagawaji walijiuliza: je, tunamlisha mtoto, au tunamlisha muuaji anayemshika mtoto huyo? Mwezi wa 11 wa mwaka ule, tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliamua kuondoka. Wengine walibaki, wakisema mtoto mgonjwa hana kosa. Kila upande ulikuwa na sababu yake. Mwaka wa 1995 HCR ililipia askari 1,500 wa Zaire walinde makambi, lakini wenye silaha hawakutenganishwa na raia. Mwisho wa 1996 vita ikayavunja makambi, na mateso yakaenea katika nchi yote.

Mwaka huohuo wa 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walikuwa wameandika kanuni kumi za mwenendo. Moja inasema kwamba anayesaidia atoe hesabu kwa wale anaowasaidia, si kwa wenye kutoa pesa tu. Ni neno zuri. Lakini mkimbizi wa Mugunga angemweleza nani kwamba chakula chake kimeibwa? Mlango wa kulalamika ulikuwa mikononi mwa mwizi mwenyewe.

Mara ya pili ni Bunia. Mwezi wa 10 wa 2003, Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa ONU, alitoa amri kwa watumishi wote: ni marufuku kulala na mtoto wa chini ya miaka 18, ni marufuku kutoa pesa, kazi au chakula ili kupata mwili wa mtu. Mwaka uliofuata, 2004, wachunguzi wa ONU wenyewe walikuta Bunia wasichana, wengine watoto kabisa, waliolala na walinzi wa amani wa MONUC ili wapate chakula au pesa kidogo. Amri ilikuwapo. Lakini msichana aliyekimbia kijiji chake angeipata wapi? Tena, askari wa ONU huhukumiwa na nchi yake. Aliyeumizwa alibaki Bunia, na hukumu, kama ilikuwapo, ilisomwa mbali na macho yake.

Mara ya tatu ni karibu zaidi. Toka mwezi wa nane wa 2018 mpaka mwezi wa sita wa 2020, Ebola ilishika Beni, Butembo, Mangina na mahali pengine. Watu 2,287 walikufa. Mwaka wa 2020 waandishi wa habari walitoa sauti za wanawake zaidi ya 50 waliosema kwamba waliombwa miili yao ili wapate kazi. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, liliunda tume. Mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa Julienne Lusenge, mama wa nchi yetu. Mwezi wa tisa wa 2021 tume ilitoa ripoti: watu 83 walishukiwa, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Tume ilisema pia kwamba malalamiko yaliyoletwa kwa mdomo hayakushughulikiwa kwa sababu hayakuandikwa.

Fikiri, ndugu. Miaka karibu kumi na tano baada ya Bunia, kanuni zilikuwa nyingi kuliko zamani. Kilichokosekana ni kile kile: mahali ambapo aliyeumizwa anaweza kusema bila kupoteza mkate wake.

Sasa labda wewe mshauri wa kartie unasema: hayo ni ya mashirika makubwa, mimi sina gari wala gunia la unga. Ni kweli, lakini umeshika kitu kizito kuliko unga: umeshika siri. Mama aliyebakwa anapokuja kukueleza, anaweka ndoa yake, jina lake na watoto wake mikononi mwako. Ukisema neno moja kisimani, umembaka mara ya pili. Ukitaja habari yake katika maombi, hata bila jina, jirani watajua ni nani. Ukimpiga picha kwa ajili ya ripoti, umemuuza.

Sheria yenyewe inalijua jambo hili. Kitabu cha sheria za makosa cha 1940, katika kifungu cha 73, kinamwadhibu mtu ambaye kwa kazi yake amekabidhiwa siri, kisha akaitoa bila sheria kumlazimisha. Na sheria za mwezi wa saba wa 2006 juu ya ubakaji zinadai heshima na maisha ya siri ya aliyeumizwa vilindwe, na kesi iweze kusikilizwa faraghani. Zinasema tena kwamba kulipa faini hakumalizi kesi hiyo. Kwa hiyo wazee wanaopokea mbuzi wawili na kusema “tumepatanisha” hawakupatanisha. Wamenunua kimya cha mama kwa bei ya mbuzi, na mama hakuulizwa.

Hapa sisi tunaotafuta amani tujihadhari. Kwa kupenda kartie itulie, tunaweza kumharakisha mtu asamehe. Msamaha unaolazimishwa ni jeraha lililofungwa na usaha ndani.

Lakini siri si kuficha hatari. Mtoto akiwa bado mikononi mwa anayemuumiza, huwezi kunyamaza. Kwa hiyo sema mwanzoni, kabla mtu hajafungua moyo: “Haya nitayatunza, lakini maisha yakiwa hatarini nitatafuta msaada, nami nitakuambia kwanza.” Hapo hutakuwa umemdanganya.

Basi tufanye nini? Kwanza, anayegawa asiwe yeye anayepokea malalamiko. Milango iwe miwili, na mmoja uwe mikononi mwa mtu asiye na chakula wala kazi ya kutoa. Pili, neno la mdomo lipokewe kama neno lililoandikwa, maana wengi wetu hawakusoma. Tatu, kabla ya kupeleka habari ya mtu mahali popote, mwulize. Akikataa, msaada wake usipunguzwe hata kidogo.

Katika kikundi chako, jiulizeni jioni hii: hapa kwetu, kama anayetusaidia akituumiza, tutamwambia nani? Kama hakuna jina linalokuja mdomoni, kazi yenu ianze hapo.

Mukae na amani.