Mshahara wa dereva wa basi

Ukitoka mpakani Rusumo kwenda Lusahunga, Biharamulo, unapita Benako, wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Wasio na hatia na waliomwaga damu wakalala kambi moja. Nani angewatenganisha?

Waliopanga mauaji walisubiriwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Mmoja wa majaji wake, Navanethem Pillay, binti wa dereva wa basi wa Durban, amesimulia jinsi sheria ilivyomwingia. Akiwa na miaka 6 alitoa ushahidi dhidi ya aliyeiba mshahara wa baba yake. Mwizi alitiwa hatiani, lakini pesa hazikurudi.

Wengi wetu tungesema, sasa sheria ya nini? Yeye akaisomea. Septemba 1998, katika kesi ya Akayesu, jopo lake likatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kusema hivyo.

Waliokufa hawakurudi, kama zile pesa. Ila wanawake walisikilizwa, na yaliyowapata yakaandikwa. Kijana wa Ngara anayewaza kusomea sheria, ningependa aanzie hapo.