Spika ndefu za bei nafuu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

MKAZI wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetafuta spika za kusimama sakafuni kwa ajili ya muziki na filamu hukabiliwa kwanza na tarakimu zilizochapishwa kwenye katoni. Nyingi ni za kumzubaisha tu. "Wati 5,000 PMPO" ni hesabu ya kishindo cha mara moja, ambayo kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Kinachofaa kutazamwa ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo. Spika ikiwa na amplifaya ndani, igeuzwe na kibandiko cha nyuma kisomwe: chombo kinachovuta wati 80 za umeme hakiwezi kutoa wati 1,000 za sauti mfululizo, hata muuzaji aape.

Spika zisizo na amplifaya humlazimu mnunuzi kuitafuta kando, lakini kimoja kikiharibika kingine husalia. Hapa tarakimu mbili ndizo muhimu. Ya kwanza ni omu: amplifaya iliyoundiwa omu 8 ikifungwa spika za omu 4 yaweza kushika moto mno na kuungua. Ya pili ni desibeli zinazotolewa kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87 ili kutoa sauti ya kiwango kile kile. Kwa mwenye amplifaya ndogo, hiyo ni akiba kubwa.

Pwani ina adui wake, nao ni unyevu wa chumvi. Kasha la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi hufura likipata maji, na vishikio vya waya hushika kutu. Kwa spika za mtumba, ukingo unaoizunguka koni uchunguzwe kwa makini: wa sponji huoza na kumomonyoka, wa mpira hudumu zaidi. Koni ibonyezwe taratibu kwa vidole, ikikwaruza, iachwe.

Kisha isikilizwe, tena kwa wimbo ambao mnunuzi anaujua. Rekodi ya udi wa Zein l'Abdin ni mtihani mzuri kuliko dansi ya ngurumo tupu: kila uzi wapaswa kusikika peke yake, na maneno ya mwimbaji yasimezwe na besi. Hilo lafaa hata kwa filamu, kwani maneno yakipotea hadithi imepotea. Spika mbili nzuri hushinda tano hafifu zinazouzwa pamoja.

Kwa chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, spika ndefu huenda zisifae kabisa. Besi hujaa pembeni na kuvuma. Jozi ndogo juu ya meza hutosha. Penye sebule pana, ziachwe nusu mita hivi kutoka ukutani.

Majirani nao wamo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 nchini Kenya huhesabu usiku kuanzia baada ya saa mbili, na kiwango cha nje katika makazi huwa desibeli 35, karibu sawa na mnong'ono.

Anayerudi Likoni kwa feri azijaribu zote mbili dukani, na risiti iandikwe nambari za spika zenyewe.