Rugaruga

Rugaruga walikuwa askari wa kudumu waliotumiwa na watemi wa Unyamwezi na Ukimbu katika nusu ya pili ya karne ya 19, hasa Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe, wote waliofariki mwaka 1884. Wengi walikuwa vijana wasio na ukoo wa karibu: mateka wa vita, watumwa watoro na wapagazi walioacha misafara. Aliyejiunga alipata gobori, mgawo wa nyara na ulinzi wa mtemi, hivyo mgeni akawa mtu wa himaya. Walivaa nguo nyekundu na manyoya. Kati ya 1871 na 1875, rugaruga wa Mirambo walipigana na Waarabu wa Tabora na kufunga njia ya Ujiji. Baadaye Wajerumani waliwatumia kama askari wasaidizi.