Usajili
Neno hili, ambalo asili yake ni sijili ya Kiarabu, yaani daftari la kumbukumbu za kadhi au za serikali, limejaaliwa maisha mapya vinywani mwa mashabiki wa klabu ya soka ya Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyofuata mwaka 1936, ambao dirisha la uhamisho likishafungwa huketi barazani Kariakoo wakikihakiki kikosi: namba sita ni hodari, mbili na tatu hawana mbadala, mshambuliaji umri umemtupa mkono. Hapo usajili si tena tendo la kuandikisha, bali ni wachezaji wenyewe, hata utaambiwa kwamba usajili mpya umeanzia benchi. Wanasarufi wanune wapendavyo. Mimi nauona ufasaha wake.